Dondoo muhimu: Usafi wa chini ya mashine ya kukatia nyasi

Nyasi mbichi zikigandamana chini ya mashine ya kuendesha ukiwa umeketi, hushika unyevu na bati huliwa na kutu huku juu likingʼaa.

Zima injini, chomoa ufunguo na waya wa plagi, vaa glavu nene. Usiingie chini ya mashine iliyoinuliwa kwa jeki pekee; weka stendi. Kwangua kwa kipande cha mbao, maana chuma huchubua rangi. Wapo wasemao mpira wa maji unatosha. Hautoshi: huondoa nyasi za leo, si gamba la wiki iliyopita, na maji ya kasi yakielekezwa kwenye bearingi za visu huondoa grisi. Ukiosha, shusha mashine, rudisha waya, zungusha visu dakika chache vikauke.