Somo la Juma Hili: Mifugo Ndani ya Mji
Mji wa Rhamu umejengwa kando ya mto Daua, katika nchi ya wafugaji, na si ajabu kuona mbuzi wa maziwa amefungwa uani mwa nyumba. Tena baada ya ukame ulioanza mwaka 2020, ambapo mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo na mifugo zaidi ya milioni 2 ikafa katika Kenya, mbuzi wawili watatu waweza kuwa ndiyo mali yote ya nyumba, na maziwa yao ndiyo chakula cha watoto. Kwa hiyo yafaa kila mwenye kiwanja ajue sheria yasemaje.

Sheria ya Afya ya Umma, iliyotungwa mwaka 1921 na ingali ikitumika, haisemi kwamba kufuga nyumbani ni kosa. Inachokataza ni udhia, yaani banda au zizi lililojengwa, lililowekwa mahali, au linalotunzwa kwa namna ya kuchukiza watu au kuhatarisha afya yao. Msomaji na aangalie sana tofauti hiyo. Mwenye mbuzi watatu katika banda kavu linalofagiliwa kila siku hana udhia. Mwenye mbuzi mmoja tu, ambaye mkojo wake watiririkia kisima cha jirani, aweza kushtakiwa. Zaidi ya hayo, Katiba ya mwaka 2010 iliweka mipango ya miji na usimamizi wa wanyama mikononi mwa serikali za kaunti. Basi kabla ya kusimamisha nguzo ya kwanza, mtu aulize katika ofisi ya kaunti kiwanja chake kimetengwa kwa kazi gani.

Bwana Afya akiona udhia, hatua ya kwanza si korti. Mwenye banda hupewa ilani ya kuuondoa kwa muda uliotajwa. Akiipuuza, ndipo huitwa mbele ya hakimu. Huo ni utaratibu wa haki, lakini haumfai mtu aitiaye ilani mfukoni bila kuisoma. Asiyejua kusoma asomewe siku ileile.

Homa ya Bonde la Ufa ilizuka Garissa mwishoni mwa mwaka 1997, na tena mwishoni mwa mwaka 2006, mara zote mbili baada ya mvua kubwa. Huenezwa na mbu, tena huwashika watu wanaogusa damu ya mnyama mgonjwa. Dalili yake zizini ni mbuzi na kondoo wengi kutupa mimba kwa wakati mmoja, na wana wao wachanga kufa. Hapo mtu asichinje, wala asiguse kwa mikono mitupu, bali ampashe habari mganga wa mifugo upesi. Maziwa nayo yachemshwe siku zote, hata ya ngamia, ijapokuwa wengi huyapenda mabichi.

Banda liwe upande wa chini wa mteremko, mbali na kisima na dirisha la jirani. Samadi isirundikwe uani, maana mashamba ya kando ya Daua yaihitaji. Ama ngamia, na abaki nje ya mji. Kiwanja cha nyumba hakimtoshi.