Taa za Projekta kwa Gari la Zamani: Mwanga Unaangukia Wapi?

Kilomita 80 kwa saa si mwendo wa kutisha kwenye barabara kuu ya Thika. Hata hivyo, dereva anayeona mtu ghafla akiwa kwenye mwendo huo husafiri takriban mita 33 kabla mguu wake haujakanyaga breki sawasawa, kisha gari huhitaji mita nyingine 35 hivi ili lisimame kwenye lami kavu. Jumla ni karibu mita 70. Gari kuukuu lenye lenzi zilizogeuka manjano linaweza kumwonyesha dereva mtu aliyevaa nguo nyeusi akiwa amebakisha mita 40 tu. Hapo breki hazina tena nafasi ya kufanya kazi.

Ndiyo sababu wenye magari ya miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000, kama vile Toyota Corolla, Nissan Sunny na Probox za kwanza, huwauliza mafundi wa Thika na Ruiru kama taa zao zinaweza kubadilishwa ziwe za projekta. Swali hilo lina maana. Kinachoharibu mambo ni njia ya mkato: kununua balbu ya zenoni au ya LED yenye mwanga mkali mweupe, kuichomeka kwenye taa ileile ya zamani, na kuondoka gereji ukiamini kazi imekwisha.

Ili kuelewa kosa liko wapi, tuanze na taa yenyewe. Magari mengi ya rika hilo hutumia balbu ya H4 yenye nyuzi mbili: wati 55 kwa taa ya chini ambayo madereva huiita dimu, na wati 60 kwa ile ya juu, yaani fuli. Uzi wa dimu umekingwa kwa kikombe kidogo cha chuma chini yake, ili mwanga upige sehemu ya juu tu ya bakuli la kuakisi na kurudi barabarani ukiwa umeinama. Bakuli hilo limechongwa kwa kufuata mahali hasa uzi ulipo. Uzi ukisogea kwa milimita mbili tu, mwanga huenda kusikotakiwa.

Balbu ya zenoni haina uzi. Mwanga wake hutoka kwenye cheche ndani ya kichupa cha gesi, na umbo la cheche hiyo si umbo la uzi. LED nazo ni vipande bapa vilivyobandikwa pande mbili. Vyote viwili vikiwekwa kwenye bakuli la H4, mwanga hutawanyika kila upande, pamoja na juu, machoni mwa anayekuja. Balbu ya zenoni ya wati 35 hutoa takriban lumeni 3,200, ilhali uzi wa dimu wa H4 hutoa kama lumeni 1,000. Dereva mwenyewe huona weupe mwingi karibu na bampa na kudhani anaona vizuri. Mbele zaidi, kwenye mita 60 au 70 anakohitaji kuona, huenda mwanga haujaongezeka sana.

Kwenye barabara kuu, ukuta na ukingo wa katikati hupunguza madhara hayo. Kwenye barabara ya Thika kwenda Garissa, au ya Ruiru kwenda Kiambu, magari hupishana yakitazamana na hakuna kinachowatenganisha madereva. Aliyepofushwa hapo huendesha kwa sekunde kadhaa bila kuona kando ya lami, na kando ya lami ndiko waliko watembea kwa miguu, mikokoteni na bodaboda zisizo na taa za nyuma. Taa za mitaani ni jukumu la kaunti chini ya Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, lakini hazitafika kila kona usiku mmoja, na mahali zisipokuwepo, taa za gari ndizo pekee zinazotegemewa.

Projekta hutatua tatizo kwa namna tofauti kabisa. Nyuma yake kuna bakuli dogo lenye umbo la nusu yai. Balbu imewekwa kwenye kitovu kimoja cha umbo hilo, na mwanga hukusanyika kwenye kitovu cha pili, mbele kidogo. Hapo kwenye kitovu cha pili pamesimamishwa kibati cha chuma, na mbele ya kibati kuna lenzi nene ya kioo. Lenzi hupindua picha juu chini. Kwa hiyo kibati kinapozuia mwanga wa sehemu ya chini, unaokosekana barabarani ni mwanga wa juu, ule ambao ungewaingia wengine machoni. Ukiwasha taa hiyo mbele ya ukuta, utaona mstari mkali: chini mwanga, juu giza. Kwenye projekta zinazotoa dimu na fuli pamoja, sumaku ndogo ya umeme hukiangusha kibati dereva anapowasha fuli.

Mstari huo haujanyooka mwanzo hadi mwisho. Nchini Kenya tunaendesha upande wa kushoto, kwa hiyo upande wa kulia wa mstari unapaswa kuwa chini na tambarare, nao upande wa kushoto upande kidogo ili kumulika ukingo wa barabara na vibao. Projekta iliyotengenezewa nchi za kuendesha kulia, kama Marekani, Ujerumani au Falme za Kiarabu, hupandisha mwanga upande wa kulia, moja kwa moja kwa dereva anayekuja. Zile zinazotoka kwenye magari ya Japani hutufaa, kwa kuwa Japani nao huendesha kushoto. Kabla ya kulipa, mnunuzi amwombe muuzaji aiunganishe kwenye betri na kuielekeza ukutani. Muuzaji akikataa, kuna maduka mengine.

Kabla hata ya kufikia projekta, kuna kazi mbili za bei nafuu ambazo mara nyingi humaliza malalamiko. Ya kwanza ni lenzi. Plastiki ya taa huchomwa na jua hadi ikawa na ukungu wa manjano. Fundi huisugua kwa msasa wa maji, kuanzia namba 800 au 1000 hadi 2000 na 3000, kisha huing'arisha na kuipaka rangi angavu ya kuzuia miale ya jua. Bila rangi hiyo ya mwisho, manjano hurudi upesi. Ya pili ni nyaya. Umeme wa taa kwenye magari mengi ya zamani hupitia swichi ya usukani na waya mwembamba, na huko hupungua njiani. Volti zikipungua kwa asilimia 10, balbu ya halojeni hupoteza karibu asilimia 30 ya mwanga wake. Rilei, fyuzi na waya mnene kutoka kwenye betri hurudisha mwanga huo bila kumpofusha yeyote. Ni ajabu jinsi watu wanavyonunua taa mpya ilhali zile za zamani hazijawahi kupata umeme wa kutosha.

Mwenye gari akiamua kuendelea, taa hutolewa na kupashwa joto la nyuzi 100 hivi ili gundi ilegee na lenzi itoke. Taa zenye lenzi ya kioo yenye mistari, za magari ya miaka ya 1980, hazifai: mistari hiyo huuvuruga mstari wa projekta. Lenzi ya nje lazima iwe angavu na laini. Projekta hufungwa ikiwa imelala sawa kabisa, kwa sababu ikiinama upande mmoja, mstari wote huinama. Taa ifungwe tena kwa gundi ya aina ileile na matundu yake ya kupumulia yaachwe wazi, la sivyo mvuke utajaa ndani msimu wa mvua. Zenoni hutumia zaidi ya volti 20,000 wakati wa kuwaka. Si kazi ya kujaribia nyumbani.

Barani Ulaya, taa za dimu zinazozidi lumeni 2,000 hutakiwa kuwa na mtambo wa kujirekebisha zenyewe gari linapobeba mzigo, pamoja na vioshea lenzi. Gari la zamani halina hivyo. Kwa wengi, projekta ya balbu ya halojeni ni chaguo la busara zaidi kuliko zenoni.

Kazi ikishafanyika, taa zilengwe. Gari lisimamishwe mahali tambarare mita 10 kutoka ukutani, magurudumu yakiwa na upepo wa kawaida na mtu ameketi kwenye kiti cha dereva. Kimo cha katikati ya taa kipimwe kutoka chini na kuchorwa ukutani, kisha skrubu za taa zizungushwe hadi mstari wa mwanga ukae sentimita 10 chini ya alama hiyo. Kifungu cha 55 cha Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, kinataka gari na vifaa vyake, taa zikiwemo, viwe katika hali isiyohatarisha wengine, na afisa wa trafiki hataangalia risiti ya fundi.

Magari mengi kutoka Japani yana kigurudumu kidogo karibu na usukani chenye namba kuanzia 0. Hushusha taa gari linapobeba mzigo nyuma. Probox iliyojazwa magunia kutoka soko la Thika huinua pua na kumulika matawi ya miti. Dereva akizungusha kigurudumu hicho hadi 2 au 3, mwanga hurudi barabarani, na akishusha mzigo hukirudisha kwenye 0.