Bia Nyepesi: Soma Chupa Kabla ya Kuamini Jina

Kama wewe ni mtu wa kukimbia alfajiri kwenye vilima vya Kaloleni, au wa kucheza mpira jioni, au kazi yako yenyewe ni kukwea minazi, huenda umeshajiuliza: nikitaka kinywaji kidogo Jumamosi, ninywe kipi kisichonirudisha nyuma?

Kwanza tuwekane sawa. Januari 2023 Shirika la Afya Duniani lilitamka wazi kwamba hakuna kiwango cha pombe kisicho na hatari kwa afya. Bia nyepesi haijengi mwili, inapunguza hasara tu. Kama hunywi, kwa dini au kwa hiari yako, hukosi kitu, na makala haya hayakuiti.

Basi wepesi wa bia uko wapi? Uko katika mambo mawili: alkoholi, yaani kile kinacholewesha, na wanga uliobaki baada ya bia kuchacha. Vyote viwili vina kalori, kipimo cha nguvu ambayo mwili hupata kutoka kwa chakula. Gramu moja ya sukari au wanga ina kalori 4. Gramu moja ya alkoholi ina 7. Kwa hiyo kinachokuongezea kitambi zaidi ni kile kile kinachokulewesha, na bia isiyo na sukari si lazima iwe nyepesi.

Shika chupa, igeuze, utafute asilimia ya alkoholi na ujazo. Zidisha ujazo kwa asilimia, gawanya kwa 100, halafu zidisha kwa 0.8. Jibu ni gramu za alkoholi. Tusker ya kawaida ina asilimia 4.2, na chupa ya mililita 500 inakupa gramu 17 hivi. Tusker Lite inakaribia asilimia 4. Umeona? Kwa ukali zimeachana kidogo sana. Nafuu kubwa iko kwenye chupa ndogo ya mililita 330, ambayo ina gramu kama 10 na nusu. Ukinywa Lite mbili kwa sababu ni nyepesi, umeshaipita ile Tusker moja uliyoikimbia. Nao wapenzi wa Guinness ya asilimia 6.5 wajue kwamba nusu lita ni gramu 26, sawa na kalori 180 kabla hata ya kuhesabu wanga. Mtu wa kilo 70 hutumia kalori 70 hivi kwa kila kilomita anayokimbia, kwa hiyo hesabu ya barabara nakuachia.

Lakini hapa Kaloleni huwezi kuzungumzia kinywaji ukauruka mnazi, yaani tembo la mnazi, na mnazi hauna lebo. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Husikia kwamba mnazi mtamu, uliogemwa asubuhi hiyo hiyo, ni wa afya kwa kuwa haujawa mkali. Ni kweli alkoholi yake bado ni ndogo, lakini utomvu mbichi wa mnazi huwa na sukari ya gramu 10 hadi 15 katika kila mililita 100. Nusu lita inaweza kukupa kalori 200 hadi 300, na mgonjwa wa kisukari asiuguse. Chachu huanza kazi mara tu utomvu unapodondokea kibuyuni. Saa zinavyopita sukari inageuka alkoholi, na kufikia kesho yake mnazi ni mkali. Ukiuacha zaidi unakuwa siki. Basi mnazi wa jana uhesabu kama bia ya kawaida au zaidi yake, glasi kwa glasi.

Nunua kwa mgema unayemjua, umuulize umegemwa lini. Mangweni, yaani mahali mnazi unaponywewa, tumia mrija wako mwenyewe au glasi iliyooshwa mbele yako. Wahenga walimlaumu mgema anayelitia tembo maji. Kwa anayehesabu kalori hiyo ingekuwa afueni, mradi maji yenyewe yawe safi, na hilo hulioni kwa macho. Mnazi unaokuchoma koo kuliko kawaida yake uuache hapo hapo.

Unywe wakati gani? Si kabla ya mazoezi, wala mara tu baada yake. Pombe huufanya mwili utoe maji kwa mkojo, nawe umeshapoteza mengi kwa jasho la Pwani. Ukimaliza mbio kunywa maji au dafu kwanza. Maji ya dafu yana kalori 20 hivi kwa mililita 100, pamoja na chumvichumvi ambazo mwili unazihitaji. Kisha ule. Bia ingoje jioni, moja, na glasi ya maji kando. Mwili huondoa takribani gramu 8 hadi 10 za alkoholi kwa saa, na kahawa au maji baridi ya kuoga hayauharakishi. Anayeendesha bodaboda asinywe hata hiyo moja.

Kuhusu gharama, fanya hesabu ya mwezi badala ya chupa. Bia ikiwa shilingi 250, nne kila wiki ni shilingi 4,000 kwa wiki nne. Moja kwa wiki ni 1,000. Mabadiliko ya sheria ya Desemba 2024 yaliufanya ushuru wa bia ufuate kiasi cha alkoholi halisi, shilingi 22.50 kwa sentilita, hivyo bia hafifu hulipiwa ushuru mdogo. Usitegemee mwenye baa akurudishie tofauti hiyo. Ukienda supamaketi kubwa, ulizia bia isiyo na alkoholi kama Heineken 0.0, na hata hiyo usome lebo, kwa sababu baadhi ya vinywaji vya aina hii vina sukari nyingi.

Sheria ya 2010 ya kudhibiti vileo huruhusu baa kuuza kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa tano usiku siku za kazi, na kuanzia saa nane mchana wikendi na sikukuu. Aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kuuziwa.

Mama mjamzito asinywe kabisa, hata ile nyepesi. Anayetumia dawa za kifua kikuu, kisukari, kifafa au shinikizo la damu amuulize daktari kwanza, katika Hospitali ya St. Luke's au kituo chochote kilicho karibu. Na ukiona kila ukipanga moja zinakuwa tano, piga 1192, nambari ya NACADA, mamlaka ya kitaifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya. Simu hiyo hailipishwi.