Kabla Hujafumba Macho: Vidokezo 8 vya Kumpata Mwalimu wa Umakinifu

Siku hizi ukifungua simu humkosi mtu aliyekunja miguu juu ya mkeka, akikualika darasani kwake kujifunza umakinifu: kutulia, kufuata pumzi, kuyaona mawazo yakija na kwenda bila kuyakimbiza. Mazoezi yenyewe ni mema. Tatizo ni kwamba kazi ya kuyafundisha haina leseni. Hata Uingereza, ambako umakinifu umeingia hadi kwenye huduma za afya za umma, sheria haimzuii yeyote kujiita mwalimu wake. Mlango hauna bawabu, basi bawabu uwe wewe.

1. Jua unachokitafuta. Kozi za umakinifu hazifanani. MBSR, kozi ya kupunguza msongo, ilianzishwa na Jon Kabat-Zinn mwaka 1979 katika Chuo Kikuu cha Massachusetts, Marekani, kwa wagonjwa wenye maumivu sugu na msongo. Kozi nyingine, MBCT, ilikuja baadaye, ikiwalenga watu ambao sonona huwarudia mara kwa mara. Kila moja huchukua wiki 8, na kuna mazoezi ya kufanya nyumbani kila siku. Eleza shida yako, kisha uliza: "Unafundisha kozi ipi, na ilitungwa kwa ajili ya nani?"

2. Uliza yeye mwenyewe hufanya mazoezi lini. Si kwa kumpeleleza. Mwalimu wa kweli hufanya mazoezi haya kila siku, na mara kwa mara huenda kwenye mafungo ya kimya ya siku kadhaa. Akibabaika hapo, huenda anafundisha alichokisoma tu.

3. Soma cheti, usitazame fremu. Cheti cha mwisho wa wiki mtandaoni hupatikana kwa bei ya viatu. Chama cha walimu wa fani hii Uingereza, BAMBA, kinataka mafunzo ya ualimu yasiyopungua miezi 12. Kwa hiyo uliza: alisomea wapi, kwa muda gani, na nani alikaa nyuma ya darasa akamwona akifundisha? Swali la mwisho ndilo zito. Vyuo vikuu vya Bangor, Exeter na Oxford vilitunga vigezo vya kumpima mwalimu akiwa kazini, mbele ya wanafunzi. Mtihani wa karatasi peke yake hauonyeshi hilo.

4. Nani anamsimamia? Mwalimu makini ana mlezi mwenye uzoefu zaidi, ambaye huzungumza naye kuhusu darasa lake na yale yanayomtatiza. Na kama anafundisha kutoka Uingereza kwa njia ya mtandao, tazama kama jina lake limo kwenye orodha ya BAMBA.

5. Asipokuuliza chochote, jiulize wewe. Kabla ya kupokea ada, mwalimu mzuri hutaka kujua kama umefiwa karibuni, unatumia dawa gani, umewahi kupatwa na kiwewe au maradhi ya akili. Ana sababu. Kukaa kimya na mawazo yako si mteremko kwa kila mtu. Mwaka 2017 Willoughby Britton na wenzake wa Chuo Kikuu cha Brown, Marekani, walichapisha utafiti kuhusu watu waliopata misukosuko katika mazoezi ya namna hii: hofu, kukosa usingizi, kumbukumbu chungu kufufuka. Muulize waziwazi: "Nikishikwa na hofu katikati ya zoezi, utafanya nini?" Jibu la kutuliza roho ni kwamba unaruhusiwa kufumbua macho, kutembea au kuacha kabisa, na kwamba anamjua mtaalamu wa kukupeleka ikibidi. "Vumilia tu, itapita" si jibu.

6. Matibabu ni ya mtabibu. Akikuambia uache dawa za sonona au za presha kwa sababu pumzi inatosha, chukua viatu vyako uondoke. Na akijiita mwanasaikolojia au mshauri nasaha, hapo angalau pana pa kushika. Kenya, kwa mfano, ina sheria ya mwaka 2014 inayotaka wataalamu hao wasajiliwe. Omba kuona usajili.

7. Suala la imani liulizwe mapema. Mazoezi haya yana asili katika Ubudha, na kozi za hospitalini hufundishwa bila ibada. Lakini wapo wanaochanganya. Kama wewe ni Mwislamu au Mkristo na jambo hili linakugusa, uliza kama kutakuwa na nyimbo, sanamu au maneno ya kurudiarudia. Mwalimu mwaminifu atakueleza asili ya zoezi bila kuificha, wala hatakucheka kwa kuuliza.

8. Pesa na mipaka ziwe wazi. Ada yote itajwe siku ya kwanza, pamoja na utaratibu wa kurudishiwa ukishindwa kuendelea. Jihadhari na "ngazi za juu" ambazo bei yake huambiwi mpaka umalize za chini. Jihadhari zaidi na mwalimu anayekugusa bila ruhusa, anayekuandikia usiku wa manane, au anayetaka usishauriane na mtu mwingine. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza: ahadi za kupona kwa siku saba ni dalili mbaya kuliko ukosefu wa cheti.

Huhitaji kuuliza yote haya kwa mkupuo. Chagua maswali matatu yanayokuhusu, umpigie simu, na usikilize sauti kama unavyosikiliza majibu. Mwalimu anayekereka kwa maswali kabla hajapokea ada yako atakereka zaidi akishaipokea. Tafuta mwingine.