Ajenti amefunga maji, ataka nihame

Swali: Nimepanga nyumba Waa, kodi nalipa kila mwezi kwa M-Pesa. Ajenti amefunga mfereji na kuniambia nitoke wiki hii, la sivyo atapiga kufuli. Hatuna mkataba wa maandishi. Nifanyeje?

Jibu: Dada yangu, usitoke. Kukosa karatasi hakukuondolei haki. Sheria ya Ardhi ya 2012 inakuhesabu mpangaji wa mwezi hadi mwezi, kwa hivyo notisi haiwezi kupungua mwezi mmoja, tena iishie siku ya kulipa kodi. Hata ungekuwa na deni, vyombo vya mpangaji hukamatwa na dalali mwenye leseni, si ajenti.

Hifadhi jumbe zote za M-Pesa, piga picha mfereji, kisha mwandikie mwenye nyumba mwenyewe. Huenda hajui yanayotendwa kwa jina lake.

Akinyamaza, nenda mahakamani Kwale uombe zuio. Baraza la kodi za nyumba nalo husikiza tu kesi za nyumba za kodi isiyozidi shilingi 2,500 kwa mwezi, kiwango kilichopitwa na wakati. Inaniuma kwamba hakijabadilishwa. Ukihama kwa hiari nao wakazuia dipoziti yako, Mahakama ya Madai Madogo hupokea madai yasiyozidi shilingi milioni 1, na unaweza kujiwakilisha bila wakili.