Mwuguzi Aliyejifunza Sheria

Soma: Kutoka 21:33-34, Matayo 18:15-17, Tito 3:13.

Mtume Paulo alikuwa na wasaidizi wa kazi mbalimbali. Mmoja alikuwa Luka, mganga (Wakolosai 4:14). Mwingine alikuwa Zena, mwana-sheria, ambaye Paulo alimwagiza Tito amsaidie katika safari yake. Mganga na mwana-sheria walimtumikia Bwana mmoja.

Leo tutajifunza habari ya mtu anayeshika kazi hizo mbili pamoja. Ni mwuguzi aliyerudi shuleni, akajifunza sheria, akawa wakili, yaani avoka, wa watu walioumizwa na matunzo mabaya. Katika nchi ya Marekani wauguzi wa namna hii waliunda chama chao mwaka 1982. Huku kwetu, Mbau na Oicha, Beni na Butembo, huenda usimpate wakili aliyewahi kushika sindano. Lakini njia anayoifuata twaweza kuijua sisi sote, nayo itatuokoa na makosa mawili: kunyamaza kama watumwa, na kulipiza kisasi kama wapagani.

Msiba si kosa sikuzote

Mtu akifa hospitalini, usiseme mara moja kwamba mwuguzi amemwua. Kuna malaria inayoshika kichwa, na kuna kutoka damu, hata mganga mwema hushindwa. Wakili aliyekuwa mwuguzi ajua jambo hilo, maana naye amewafunga macho wafu aliowatunza kwa bidii.

Kwa hiyo hutafuta mambo matatu, kama mafiga matatu yanayochukua chungu. La kwanza ni kosa: je, mtunzaji aliacha jambo lililompasa, au alifanya lisilofaa? La pili ni madhara: je, mgonjwa aliumizwa kweli? La tatu ni kiungo: je, madhara hayo yalitokana na kosa lile, wala si na ugonjwa wenyewe? Figa moja likikosekana, chungu huanguka.

Fikiri juu ya mtoto wa miaka mitatu mwenye homa. Anachomwa sindano ya kinini katika tako. Siku ile ile mguu wake unalegea, na baada ya juma moja anauburuta. Watu wa mtaa wanasema, Jirani yule mzee amemroga. Lakini mtu aliyejifunza uuguzi ajua kwamba ndani ya tako unapita mshipa mkubwa wa fahamu unaoshuka mpaka mguuni. Sindano ikichomwa katikati au upande wa chini, dawa yaweza kuuharibu mshipa huo. Ndiyo sababu wauguzi hufundishwa kuchoma upande wa juu ulio nje, na kwa watoto wachanga kuchoma katika paja.

Basi yeye anauliza: Alichomwa mahali gani? Na nani? Mguu ulilegea saa ngapi? Majibu yakikubaliana, wazazi wamepata kweli, naye mzee jirani ameokoka katika lawama ya uchawi. Unaona, kutafuta kosa kwa utaratibu humlinda pia asiye na kosa.

Karatasi hunena

Wakili asiyejua uuguzi huiona fishi ya mgonjwa kama maandishi ya lugha ngeni. Aliyekuwa mwuguzi huisoma kama barua ya nyumbani. Chukua karatasi ya uchungu wa kuzaa, iitwayo partograme. Mama akiwa katika uchungu wenye nguvu, mapigo ya moyo wa mtoto hupaswa kusikilizwa kila nusu saa na kuandikwa. Mlango wa uzazi nao hupimwa. Alama zikivuka mstari wa kuonya, watunzaji wapaswa kuangalia sana, na kumpeleka mama penye upasuaji kabla ya kuchelewa.

Sasa, akikuta alama ya saa mbili ya usiku, kisha nafasi tupu mpaka saa nane, anajua mahali pa kuuliza. Katika saa hizo sita, nani alikuwa pamoja na mama?

Swali hili si dogo. Mwaka 2011, katika nchi jirani ya Uganda, mama mmoja alifika hospitali ya Nakaseke akiwa na uchungu. Mtoto alikwama. Mganga aliyepaswa kumpasua hakupatikana kwa saa nyingi, naye mama akafa. Jamaa zake, wakisaidiwa na chama kiitwacho CEHURD, walipeleka shauri lao katika Mahakama Kuu. Mwaka 2015 jaji aliwapa haki, akaamuru serikali ya wilaya iwalipe shilingi milioni 35 za Uganda. Fedha haikumfufua mama yule. Lakini lilitamkwa mbele ya watu wote kwamba mwanamke maskini akifika mlangoni pa hospitali, ni haki yake kumkuta mganga kazini.

Jina lako lina kazi

Novemba 2007, katika hospitali ya mifupa ya Muhimbili huko Dar es Salaam, walikuwako wagonjwa wawili wenye jina moja la kwanza. Mmoja alingoja kupasuliwa goti, mwingine kichwa. Walibadilishwa. Mwenye goti alipasuliwa kichwa, na mwenye kichwa alipasuliwa goti. Yule aliyehitaji kupasuliwa kichwa alikufa baadaye.

Huku kwetu hatari hii ni karibu sana, maana Wanande huwapa watoto majina kwa kufuata zamu ya kuzaliwa. Katika chumba kimoja waweza kulala Kambale watatu na Kahindo wawili. Kwa hiyo usiitikie kwa nusu ya jina. Kabla ya sindano, kabla ya kutiwa damu, kabla ya upasuaji, taja majina yako yote, umri wako, kijiji chako, na ugonjwa uliokuleta. Si kiburi kufanya hivi. Mwuguzi mwema atakushukuru.

Sheria ya Mungu na sheria ya nchi

Wengine hudhani kwamba kosa ni lile la kukusudia tu. Neno la Mungu halisemi hivyo. Katika Kutoka 21, mtu aliyechimba shimo akaacha kulifunika, ng'ombe wa mwenzake akatumbukia, alipaswa kulipa. Hakumchukia ng'ombe wala mwenye ng'ombe. Aliacha kufunika tu. Na katika Kumbukumbu la Torati 22:8, mjenzi wa nyumba alipaswa kuzungusha ukuta mdogo juu ya dari, mtu asije akaanguka.

Sheria ya Kongo yafanana na hiyo. Katika kitabu cha tatu cha sheria za raia, kifungu cha 258 chaagiza kwamba mtu aliyemdhuru mwenzake kwa kosa lake lazima atengeneze madhara hayo. Kifungu cha 259 chaongeza kwamba uzembe na kutojihadhari ni kosa pia. Kifungu cha 260 chamweka mkubwa wa kazi awajibike kwa ajili ya wale aliowatuma. Vifungu hivyo vilitoka katika amri ya mwaka 1888. Tena waganga wana baraza lao la kuwasimamia tangu mwaka 1968, nao wauguzi wamewekewa la kwao kwa sheria ya mwaka 2016.

Je, Mkristo aende tribinali?

Paulo aliwaonya Wakorinto waliokuwa wakishitakiana kwa mambo madogo (1 Wakorinto 6). Lakini Paulo yule yule, alipoona haki imefungwa, aliomba hukumu ya Kaisari (Matendo 25:11). Kuomba msaada kwa ajili ya mtoto aliyelemaa, apate kufundishwa kutembea na kuendelea na shule, si kulipiza kisasi. Bali fuata utaratibu wa Bwana Yesu katika Matayo 18: kwanza kwa ndugu mwenyewe, kisha pamoja na mashahidi wawili au watatu, kisha mbele ya baraza.

Tumeona kwa macho yetu matunda ya njia nyingine. Ebola ilipotangazwa tarehe 1 Agosti 2018, uvumi ulijaa katika Beni na Butembo kwamba waganga ndio wanaoua watu. Vituo vilishambuliwa. Tarehe 19 Aprili 2019, Dr. Richard Mouzoko, mganga kutoka Kameruni aliyetumwa na Shirika la Afya la Dunia, alipigwa risasi akafa ndani ya hospitali mjini Butembo. Ugonjwa ule ulikwisha Juni 2020, baada ya kuua watu zaidi ya 2,200. Kila siku ambayo kituo kilifungwa kwa sababu ya hasira, wagonjwa wengine walikaa nyumbani bila kutunzwa. Jiwe lililotupwa kwa mwuguzi laweza kumwangukia mtoto wako mwenyewe.

Mambo ya kufanya ukiumizwa

1. Tafuta kwanza matunzo ya jeraha lenyewe. Mguu uliolegea leo utunzwe leo. Usingoje shauri liishe.

2. Andika, au umwombe mwanao aliyesoma aandike: tarehe, saa, majina ya waliokuwako, dawa iliyotolewa, maneno yaliyosemwa. Tunza kila karatasi, hata chupa ya dawa iliyo tupu.

3. Nenda kwa upole kwa mwuguzi mkubwa wa kituo, yule titilere. Mwulize, Nini ilitokea? Hujashitaki bado. Unauliza tu.

4. Asipojibu, chukua mashahidi wawili uende kwa komite ya afya, kisha kwa mganga mkubwa wa zone ya afya.

5. Neno likikosa kutengenezwa, mwendee wakili. Sheria ya mawakili ya mwaka 1979 yaagiza wawe na ofisi ya mashauri ya bure kwa ajili ya maskini. Wakili wako akiwa hajui mambo ya uuguzi, mwombe atafute mganga au mwuguzi mwaminifu amsomee fishi. Usimpe fedha mtu anayesema atampooza hakimu. Huyo anakuibia mara mbili.

Neno kwa wauguzi

Wewe unayevaa nguo nyeupe, usilichukie somo hili. Andika mara utendapo kazi. Ukikosea kuandika, piga mstari mmoja juu ya neno, utie sahihi yako. Usifute wala kupasua. Usijaze nafasi tupu asubuhi kwa mambo ambayo hukuyafanya usiku. Kama umekosa, mwambie mkubwa wako upesi, maana kosa la saa moja laweza kuponywa, na kosa lililofichwa siku tatu laweza kuua. Hesabu 5:6-7 yaagiza kuungama pamoja na kurudisha. Fishi iliyoandikwa kwa kweli itasimama upande wako siku utakaposhitakiwa bure.

Maswali

1. Mafiga matatu ya shauri la matunzo mabaya ni yapi?
2. Katika habari ya mtoto aliyechomwa sindano, nani aliokolewa na kweli zaidi ya mtoto na wazazi wake?
3. Mwenye shimo alikosa nini, naye hakukusudia mabaya?
4. Katika nyumba yako, karatasi za hospitali zimetunzwa wapi? Leo, kabla ya kulala, zikusanye zote mahali pamoja pakavu.