Wimbo wa Mfungwa: Kuimba ni Kukumbuka



Wapendwa vijana, leo nawaletea swali moja. Tunapopiga au kuimba muziki uliotungwa na wafungwa wa kambi za mateso za Manazi, tunafanya nini hasa? Ni tamasha tu? Mimi nasema hapana, tunawakumbuka. Ila kukumbuka kuna masharti yake.

Tuanzie Dachau, karibu na Munich, Ujerumani. Humo walifungwa makleri Wakatoliki zaidi ya 2,500. Mmoja wao ni Padre Gregor Schwake, mmonaki Mbenediktini. Mwaka 1944, akiwa mfungwa, alitunga Misa, na mwezi Septemba mwaka huohuo ikaimbwa katika kikanisa cha kambi. Hebu fikiria: watu wenye njaa, kifo kikiwa jirani, wanamwimbia Mungu utukufu!

Padre Schwake alitoka hai. Wengi hawakutoka. Kule Terezín, katika Jamhuri ya Cheki ya leo, Manazi waliwafungia Wayahudi. Kijana Gideon Klein, mpiga piano, alimaliza utungo wa ala tatu za nyuzi Oktoba 1944. Siku chache baadaye akapelekwa Auschwitz. Alikufa Januari 1945, ana miaka 25 tu. Yaani rika lenu kabisa.

Mwenzake Viktor Ullmann alitunga opera kambini. Wakaifanyia mazoezi, lakini haikuoneshwa humo. Yeye akauawa Auschwitz. Opera yake ikasikika mara ya kwanza Amsterdam mwaka 1975. Waliotaka kumfuta hawakuweza kuyafuta maandishi yake.

Sasa, masharti. Kwanza, mtaje mtunzi kwa jina na useme yaliyompata, kabla ya kuanza kupiga. Pili, usimgeuze kuwa mtu mwingine. Klein aliuawa kwa sababu alikuwa Myahudi. Tusimfanye shahidi wa Kikristo ili tamasha letu lipendeze. Na tuseme ukweli unaouma: wengi waliotenda uovu ule walikuwa wamebatizwa. Ndiyo maana Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko Nostra Aetate la mwaka 1965, ulilaani chuki dhidi ya Wayahudi. Tatu, fanyeni mazoezi ya kutosha. Kumwimba marehemu ovyoovyo si heshima.

Sisi Wakatoliki neno “ukumbusho” tunalijua kutoka Karamu ya Mwisho (Lk 22:19). Tamasha si sakramenti, hilo lieleweke. Lakini anayejua kukumbuka altareni hawezi kusahau waliouawa.

Ya kutafakari: Je, kuna kundi la watu ninalolidharau, hata kwa utani wa kwenye simu? Chuki ile nayo ilianza na maneno.

Tusali: Ee Bwana, uwapokee wote waliouawa kambini. Utupe masikio ya kuwasikia, na moyo usiokaa kimya jirani anapoonewa. Amina.